Kiboko wa Sekunde Nne

Likizo ya Juni Eveline aliimalizia kwa shangazi yake, Getrude, pale mtaani Viwanja Sitini, maana wazazi wake walikuwa wamekwenda shambani Mofu kuvuna mpunga. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaingia chumba cha mbele, kwenye steshenari ya shangazi. Nyumba hiyo haikukosa watu. Huyu kaja kutoa nakala, yule kaja kuchapa barua, na wengine wamekuja kukaa tu, wajue nani kaoa na nani kanuna.

Kompyuta moja ilikuwa ya wateja. Ya pili, kuukuu, shangazi alimwachia Eveline kuanzia saa mbili hadi saa nne ajifunze programu ya kutengeneza katuni. Mwalimu hakuwepo. Zilikuwepo video kumi na nne za mafunzo, na daftari ambamo Eveline alijipangia ratiba: somo moja kila siku, wiki mbili, na mwisho filamu ya dakika moja, kiboko akimfukuza mvuvi.

"Mimi katuni sizijui," shangazi alimwambia. "Ukimaliza somo, weka alama ya vema. Nitakuwa nasoma hizo tu."

Somo la kwanza lilikuwa mpira unaodunda. Ukadunda. La pili, kufungua na kufunga mdomo. Eveline akachora kiboko, naye akafungua mdomo. La tatu, mtu anayetembea, likagoma. Mguu ulirukia kichwani, mkono ukabaki nyuma. Eveline aliitazama video mpaka mwisho, akajiona ameelewa, akaweka vema. Kesho yake akatazama nyingine, vema. Kutazama hakuchoshi mtu. Kufikia Alhamisi ya wiki ya pili vema zilikuwa kumi na moja.

Siku hiyo jirani yake Rosemery, aliyesoma naye darasa la sita, akalifunua daftari.

"Shoga! Umefika somo la kumi na moja? Keshokutwa watoto wa jumuiya ya kanisani wanakutana hapa kwenu. Utatuonesha hiyo filamu!"

Eveline akatikisa kichwa kukubali. Na kumpa Rosemery habari ni sawa na kuitangaza redioni. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unamsubiri kiboko.

Ijumaa Eveline alikaa mbele ya kompyuta, akijaribu kumfanya kiboko akimbie. Kiboko alifungua mdomo, akafunga, basi.

"Kwani shida nini?" Rosemery alimnong'oneza. "Chukua ya mtu mtandaoni, bandika jina lako. Nani atajua?"

Eveline aliitafuta, akaipata nzuri hasa. Kidole kilikuwa juu ya kipanya alipomsikia shangazi akimwambia mteja, "Huyu binti yangu kajifunza mwenyewe. Hajaruka hata somo moja, vema zake nimezisoma."

Akaifunga ile katuni, akangoja mteja aondoke.

"Shangazi, zile vema ni za uongo."

"Zote?"

"Mbili tu ndizo za kweli. Na filamu nilitaka kuchukua ya mtu mtandaoni."

Shangazi akavua miwani. Rosemery akakumbuka ghafla kwamba kwao anaitwa.

"Sekunde moja inataka picha ngapi?" shangazi akauliza.

"Kumi na mbili."

Shangazi akabonyeza kikokotoo. "Dakika moja ni picha mia saba na ishirini. Wewe umechora ngapi za huyo kiboko?"

"Arobaini na nane."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Mtoto wa mkulima wewe! Baba yako akikupimia ngwe ya kupalilia, anakupimia shamba zima?"

"Hapana. Ninayoiweza kwa siku."

"Na ukiruka magugu katikati?"

"Ananirudisha."

"Basi na mimi nakurudisha, somo la tatu."

Wakapanga upya, ngwe kwa ngwe. Mtu anayetembea alipewa siku nne peke yake. Vema angeweka shangazi, tena akishaona kwa macho yake kwenye kompyuta.

Jumamosi watoto walijaa hadi mlangoni. Eveline akasimama. "Mliahidiwa filamu ya dakika moja. Nilidanganya, masomo mengine niliyatazama tu. Niliyochora mwenyewe ni sekunde nne."

"Heee!" wakaguna wa nyuma.

Akabonyeza. Kiboko akafungua mdomo taratibu, akafunga. Mtoto mmoja mdogo akapiga kelele, "Tena!" Wakarudia mara tisa.

"Ana njaa au usingizi?" Rosemery aliuliza.

"Muulize mwenyewe," Eveline akajibu. "Kukimbia kakataa!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko, na Eveline akacheka kuliko wote, mwepesi kama mtu aliyetua gunia kichwani.

Shangazi Getrude akainua mkono wanyamaze. "Sikilizeni. Angeniletea filamu ya watu, ningemsifu, na Jumatatu asingejua aanzie wapi. Ukijifundisha, mwalimu ni wewe na mwanafunzi ni wewe. Ukijidanganya, hakuna wa kukusahihisha. Fanya kidogo, kifanye kweli, ndipo usogee."

Kisha akawaambia wasogeze mabenchi, maana akina mama waliojazana dirishani nao walitaka kumwona kiboko.