Ng'ombe Watatu, Mikono Miwili

Mwaka wa 1996 nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa nimechoka. Mwalimu wetu alipenda kusema kwamba watoto huchoka kwa kucheza. Laiti angekuja nyumbani kwetu, chini ya soko la Sosiot, saa kumi na moja asubuhi. Angenikuta nimeegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe wetu Chelel, nikikamua huku nimefumba macho.

Nilikuwa na mikono myepesi, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Ng'ombe aliyewapiga wengine mateke alitulia nilipomshika mimi, na habari kama hiyo haikai nyumba moja. Nyumbani nilimkamua Chelel, kwa sababu mama aliondoka mapema kwenda kuchuma majani chai. Kisha nilipanda kilima kwa Kogo Elmina, nyanya aliyemlea baba yangu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa uzee. Mwisho nilishuka bondeni kwa Mama Mongina, mjane wa kabila jingine kutoka upande wa Keroka aliyenunua shamba hapa kwetu kabla sijazaliwa. Yeye alikuwa ameteleza mtoni mwezi wa pili na kuvunjika mkono. Baada ya hapo ndipo nilipokimbia shuleni.

Kogo alinipa kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Mama Mongina alinipa uji wa wimbi, mzito na wa moto, na hakuniruhusu kuondoka kabla sijamaliza.

"Kaa chini, Chepkemoi, kunywa," alikuwa akisema. "Shule haina miguu. Utaikuta tu."

Kusema kweli, uji ule ndio ulionifikisha shuleni.

Mama alinifundisha vizuri. Nawa kwa sabuni kabla ya kumshika kila ng'ombe, na kila kiwele kiwe na kitambaa chake. Lakini maji yalikuwa mtoni, mto uko chini kabisa, na mtungi haujibebi. Mwanzoni nilinawa mara tatu kila asubuhi. Baadaye nikanawa mara mbili. Kufikia mwezi wa tatu nilinawa mara moja tu, nyumbani, na kitambaa kimoja nilikifunga kiunoni nikazunguka nacho nyumba zote. Hakuna aliyejua, na ng'ombe hawasemi.

Asubuhi moja ng'ombe wa Kogo alinirushia teke. Huyo alikuwa ameletwa karibuni na mwanawe kutoka Longisa, na hakuwa mkali hata kidogo. Nikainama kutazama. Chuchu zake zilikuwa na vipele vyekundu, na vingine vilikuwa vimeshika gamba. Nikamwita Kogo. Alitazama kwa muda, kisha akajinyoosha polepole.

"Ni kupe tu," akasema. "Paka mafuta."

"Lakini Kogo, hii haifanani na ya kupe."

"Wewe Chepkemoi! Watu wa kibanda cha maziwa wakisikia, watakataa maziwa yangu. Nyamaza."

Kwetu mtoto habishani na kogo. Nikanyamaza. Sitasema uongo: nilifurahi kunyamaza, maana kusema kungekuwa kazi nyingine, nami kazi nilikuwa nazo za kutosha.

Siku kumi hivi zikapita, kidole changu cha shahada kikaota uvimbe, mwekundu kama tunda la mforosadi. Haukuuma sana, ila uliwasha. Nikaufunga kwa kitambaa na kumwambia mama nimechomwa na mwiba. Katika juma hilohilo niliona vipele kwenye chuchu za ng'ombe wa Mama Mongina. Nilikamua taratibu, nikanywa uji, na sikusema neno.

Mama Mongina hakungoja kuambiwa. Aliviona mwenyewe, akapanda hadi kwenye kibanda ambapo sisi sote tulimimina maziwa katika mitungi mikubwa kungoja lori. Alisimama mbele ya watu, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa leso.

"Ng'ombe yangu ni mgonjwa," akasema. "Ana vidonda kwa matiti. Sitaleta maziwa mpaka apone. Na nyinyi pia muangalie zenu."

Ungedhani watashukuru. Wapi! Bwana Kiplimo, mwenyekiti wa kibanda, alikunja uso.

"Hiyo ugonjwa umetoa wapi? Sisi hapa hatujawahi kuwa nayo."

"Ametoa kwao," mtu akajibu nyuma.

Kogo Elmina alikuwa pale, amekaa juu ya mtungi mtupu. Alitazama chini. Mimi nilificha mkono wangu ndani ya sweta.

Siku nne baadaye Chelel naye akapata vipele, na mama yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema, "Basi huyo jirani ametuletea." Nilijua si yeye, lakini nilikaza tu kitambaa kwenye kidole changu. Watu walikubaliana kwamba ng'ombe wa Mama Mongina asipite tena njia ya mtoni. Wengine walisema waziwazi kwamba ingekuwa afadhali auze kila kitu arudi kwao. Bwana Kiplimo akasema daktari wa mifugo atakuja Jumamosi, na baada ya hapo wataamua.

Ijumaa Mama Mongina alinipa uji kama kawaida. Yeye hakunywa.

"Nilishatoka hapa mara moja," akaniambia, "mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya makabila, na godoro kwa kichwa. Nikarudi, kwa sababu nilisema jirani ni jirani. Sasa nimechoka, mwanangu. Wakiniambia niende, sitabishana na mtu."

Nilidhani mimi ndiye mtu aliyechoka kuliko wote katika kijiji kile. Nilipomtazama usoni niliona aibu. Kwa mara ya kwanza niliubakiza uji.

Jumamosi daktari alifika kwa pikipiki, buti zake zimejaa tope. Bwana Kiplimo alimpeleka moja kwa moja kwa ng'ombe wa Mama Mongina, aliyefungwa kando ya kibanda peke yake. Watu walisimama mbali kidogo, kana kwamba ng'ombe yule angewarukia.

Daktari alichuchumaa, akashika chuchu moja kwa upole.

"Hii ni ya jamaa ya ndui," akasema. "Msiogope, si ile iliyoua watu zamani. Kuku wana yao, kondoo na mbuzi wana yao, hata farasi wanayo. Oneni hili gamba limepinda kama kwato ya farasi. Ng'ombe hafi, na chuchu zitapona. Lakini ugonjwa huu hautembei peke yake. Hubebwa. Nani hukamua huyu ng'ombe?"

Mama Mongina aliniangalia, halafu akaangalia pembeni.

"Ni mimi," akasema.

Daktari akautazama mkono uliofungwa kwa leso. Watu wengine wakacheka. Mwanamke yule aliyesema ukweli mbele ya kijiji kizima, akalaumiwa kwa huo ukweli, sasa alikuwa akidanganya kwa ajili yangu. Nikatoka katikati ya watu, nikafungua kidole.

"Si yeye. Ni mimi ninayekamua," nikasema. "Ninakamua nyumba tatu kwa kitambaa kimoja. Sikunawa mikono. Ng'ombe yake ilipata kutoka kwangu."

Daktari akashika kidole changu, akakigeuza.

"Kwa ng'ombe gani uliona kwanza?"

Hapo nikashindwa. Nilimtazama Kogo Elmina. Je, ningemtajaje mbele ya watu, mtu aliyemlea baba yangu? Nilisimama hivyo hata nikasikia sauti ya fimbo ikigonga ardhi. Kogo alikuwa anainuka.

"Kwangu," akasema. "Imetoka kwa ile ng'ombe ya Longisa. Mtoto alitaka kusema. Mimi nilimwambia anyamaze."

Alikaa tena na kujifunika uso kwa shali. Hakuna aliyecheka.

Daktari alitueleza ya kufanya: tunawe kwa maji na sabuni kabla ya kila ng'ombe, tusichangie kitambaa, aliye mgonjwa akamuliwe mwisho, na maziwa yachemshwe. Mimi nisikamue mpaka kidole kipone, na kingepona chenyewe baada ya majuma matano au sita. Kisha akafunga mkoba wake na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka pia, "Na nani alimpa mtoto wa shule ng'ombe watatu?" Watu wazima wote wakageuka kutazama mashamba ya chai.

Bwana Kiplimo alikohoa. "Mama Mongina, yale maneno tulisema..."

"Yalishasikika," akajibu. "Nifungulie ng'ombe. Mimi nina mkono moja."

Mwenyekiti alimfungua, akamshika kamba, akamteremsha mwenyewe kwa njia ya mtoni, ile ile waliyomkataza.

Tulirudi nyumbani mimi na mama. Karibu na lango akasimama.

"Kuchoka si kosa, Chepkemoi. Ungeniambia. Hata mimi ningeona, kama ningekuangalia." Akafungua lango. "Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha, Kogo akaficha, na yule mmoja ambaye hakuficha ndiye sisi tukamlaumu. Mimi pia nilimlaumu. Kesho nitashuka kumwomba msamaha."

Alishuka kweli, akiwa na kibuyu cha mursik, na akakaa huko hadi adhuhuri. Tangu siku hiyo mke wa Bwana Kiplimo alimkamua ng'ombe wa Mama Mongina, na mjukuu wa Kogo akamkamua yule wa Longisa. Mama naye alimkamua Chelel kabla ya kwenda kwenye majani chai, na alichelewa, na dunia haikuanguka.

Jumatatu sikuwa na kazi yoyote bondeni, lakini miguu ilinipeleka huko. Mama Mongina alikuwa ameweka beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni juu ya kigoda.

"Nawa kwanza," akasema.

"Lakini mimi sijakamua leo."

"Najua. Nawa."

Nikanawa, nikikitunza kidole changu. Akanipa bakuli la uji, akajimiminia lake, akaketi karibu nami.

"Ukichoka, sema umechoka," akaniambia. "Ng'ombe yangu ikiugua, nitasema imeugua. Hivyo tu ndivyo majirani wanaweza kukaa pamoja."

Tulikunywa uji wote, mimi na yeye, na siku hiyo sikusinzia darasani.