Maumivu Aliyoyaficha Mogesi

Stendi ya Tarime Jumatatu asubuhi haina adabu. Magari yanapiga honi, makondakta wanavuta abiria mikono, akina mama wa Nyanungu wanashusha mikungu ya ndizi juu ya miguu ya watu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Mogesi, mkatisha tiketi, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, kilemba kimefungwa kwa makusudi, sauti inafika ng'ambo ya barabara.

"Nyamongo, Mugumu! Wewe kaka, hilo litungi nalo linakata tiketi!"

Emanueli alicheka. Alikuwa fundi friji wa Mugumu, amebeba begani mtungi wa gesi kwa ajili ya friji za kambi za watalii.

"Basi tupe siti mbili za jirani, dada. Kwa sasa huyu ndiye mke wangu."

"Pole yake. Umembeba kama gunia la mahindi."

Tangu siku hiyo friji za kambini ziliharibika kuliko kawaida, au ndivyo Emanueli alivyodai, maana kila wiki alikuwa Tarime kufuata gesi. Akiwa Mugumu, simu haikutoka sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe mura, kijana wangu, umekula, au umeshinda njaa ukiniwaza?"

"Vyote viwili."

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, wakiwa mgahawani wanakunywa chai na chapati, Mogesi aliweka kikombe chini.

"Nisikilize vizuri, Emanueli. Miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji. Ovari zote mbili zilikuwa na uvimbe, zikatolewa. Mimi sizai. Ukitaka kwenda, njia ni nyeupe."

Emanueli naye aliweka kikombe chini. Kwa Mkurya, habari ya mtoto si habari ndogo.

"Nilipokupenda pale stendi sikuuliza una ovari ngapi," alisema.

"Na mama yako?"

"Mama atauliza. Nitajibu mimi, si wewe."

Nampenda huyu kijana, sifichi. Wangapi wangemaliza chapati na kusahau namba ya simu? Yeye alirudi Mugumu kupanga siku wazee wa kwao waende Nyanungu kwa baba yake Mogesi, kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari.

Siku ilipofika, wazee wameshavaa makoti, ujumbe wa Mogesi ukaingia kwenye simu ya Emanueli: "Wasije. Nimeghairi."

Kuwarudisha wazee wakiwa mlangoni ni kumvua mtu nguo mbele ya ukoo mzima. Emanueli alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Mogesi, kuna mwanaume mwingine?"

"Fikiria hivyo," alisema Mogesi, akakata.

Hakukuwa na mwanaume. Kulikuwa na maumivu, chini ya kitovu upande wa kushoto, yanakuja karibu kila mwezi na kukaa siku nne au tano, mara nyingine na matone ya damu. Mogesi alijiuliza: ovari zimetolewa, kinachouma ni nini? Wiki ile ya wazee yalimzidi, akajijibu mwenyewe kwamba ni saratani, na kwamba Emanueli hatakiwi kutoa ng'ombe kwa ajili ya maiti. Hakumwambia mtu. Amelelewa kwamba mtu wa maana huumia mdomo ukiwa umefungwa, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri wa somo hilo.

Wiki mbili baadaye Emanueli alishuka stendi saa tano asubuhi, hasira zimemjaa. Alikuja kumwambia maneno makali, alikuwa ameyapanga njia nzima. Akamkuta anaita abiria kama kawaida. Ghafla sauti ikakatika. Mogesi alishika meza kwa mikono miwili, akatazama mbele, hakuna hata msuli wa uso uliocheza, ila jasho lilikuwa linashuka shingoni.

Emanueli alisimama palepale. Uso ule wa kuumia bila kulia aliujua. Aliuona kwa wenzake siku ya kutahiriwa, na yeye mwenyewe aliwahi kuuvaa. Hakuna Mkurya duniani asiyeutambua uso huo.

Maneno makali yote yakayeyuka. Akamsogelea.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mogesi."

Mogesi akapumua. "Miezi saba."

"Kumbe huyu ndiye mwanaume mwenyewe? Mbona mbaya hivi?"

Mogesi alitaka kucheka, ikamuuma zaidi.

Wiki hiyo hiyo Emanueli alimpeleka hospitali Mwanza, wakamwona Daktari Agustina, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Walimpa shikamoo, naye akauliza maswali kabla ya kugusa chochote. Maumivu yanafuata mwezi? Joto la ghafla mwilini limewahi kumpata tangu upasuaji? Anatumia dawa za homoni?

"Sijawahi kupata joto hilo, daktari. Wala situmii dawa."

"Hapo ndipo panaponitia shaka, maana asiye na ovari kwa kawaida hupata joto hilo. Baada ya ovari kutolewa, maumivu ya nyonga yana sababu nyingi. Makovu ya ndani yanaweza kushikanisha viungo. Misuli ya nyonga inaweza kukaza. Utumbo au kibofu navyo vinaweza kuwa na lao. Na mara chache, kipande cha ovari hubaki na kuendelea kufanya kazi."

Damu ilipimwa homoni, picha ya ultrasound ikapigwa. Kipande kilikuwepo, kidogo, kina uvimbe wa maji, kimegandamana na kovu.

"Si saratani?" Mogesi aliuliza.

"Sioni dalili yake. Tukikitoa tutakipeleka maabara tuhakikishe. Zipo dawa za kukituliza, lakini kwako naona bora tukitoe, kwa matundu madogo. Kisha mazoezi ya misuli ya nyonga, na homoni za kulinda mifupa, kwa sababu wewe bado ni kijana." Akamtazama machoni. "Ila hakitakupa mtoto, mwanangu. Nisikufiche."

Emanueli alimshika mkono na hakuuachia.

Siku ya pili baada ya upasuaji, nesi alipita na karatasi. "Maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi?"

"Sifuri," Mogesi alijibu haraka.

Emanueli aliuona uso ule ule wa stendi. Alimtazama tu.

Mogesi aligeukia ukuta. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu alipovunja ungo, alilia mbele ya watu, kwa sauti, bila kujifunika.

"Saba," alisema. "Inaniuma, Emanueli. Inaniuma sana."

"Najua, mpenzi. Sema."

Nesi alileta dawa. Ilipoanza kumtuliza, Mogesi alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wazee wako bado wana hasira?"

"Sana."

"Waambie waje hivyo hivyo na hasira zao. Baba atawapokea, nami nitawaomba radhi mwenyewe."