Kuni Ndani ya Sanduku la Gitaa

Jumatano asubuhi, mwezi wa saba, nyumbani kwa Mzee Jacob huko Bungulu, mjini Beni, sanduku la gitaa lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kuni za kalitusi, vimefungwa kwa shuka kuukuu. Safari ya ndege kwenda Kinshasa ilikuwa kesho yake.

Mzee hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, koti lake la safari likiwa limepigwa pasi na kutundikwa ukutani, akamtuma binti yake Kanyere polisi.

Inspekta Élodie, mzaliwa wa Kinshasa aliyeletwa kikazi Beni, alifika saa tatu. Alitazama kufuli. Halikuvunjwa.

"Nani alileta hili sanduku?"

"Ni miye, mama inspekta," alisema Mbusa, mwana wa mzee. "Papa alituma gitare kwa Lévi, fundi wa Butembo, atengeneze shingo yake. Lundi asubui, juzi, nilienda kuikamata. Nikakula wali na sombe ku soko, nikapanda pikipiki, nikarudi. Njiani hapana kufungua. Donc mwizi ni Lévi. Ule muzee aliisha kuomba hii gitare mpaka akachoka."

"Tulipiga naye mu orchestre moja," Mzee Jacob aliongeza. "Na kule Kinshasa baliniita miye, ye hapana."

"Nani alikuita?"

"Grady. Ni mukubwa wa sikukuu ya muziki kule. Ananipigia kila juma. Anasema batanitembeza muji muzima, nipige gitare, nikule liboke ya samaki." Mzee aliinua macho. "Mama, weye ni mutoto wa kule. Ni kweli ku mutaa ya Matonge mutu anatembea mangaribi, na rumba inatoka ku kila mulango?"

"Ni kweli, papa."

"Na batu hapana kukimbia?"

"Hapana. Wanacheza."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja kitu.

Kanyere alileta sahani ya makemba, ndizi za kuchemsha. "Mutusamehe, mama. Viazi vya Lubero hapana. Tangu lundi camions za mizigo hazikutoka Butembo."

Mlangoni alimweleza inspekta kwa sauti ya chini. Mama yao aliuawa na waasi shambani, yeye na majirani sita. Toka siku ile baba hakusema neno, hakugusa chakula. Alikonda hata suruali ikakataa mkanda. Kilichomwinua ni simu za Grady.

Élodie aliomba simu ya mzee, akapiga. Wakati huo mvua kubwa ilianza kugonga mabati ya Bungulu.

"Allô, muzee wangu." Sauti ya kijana, yenye lafudhi ya Kilingala.

"Mimi ni polisi. Uko wapi, papa Grady?"

"Niko Kinshasa, mama. Ku bureau, ku kazi."

Ndani ya simu mvua ilikuwa inagonga mabati. Élodie aliweka kiganja kwenye sikio la pili ili asichanganye sauti. Ilikuwa kweli: huko pia ilinyesha. Alikata simu. Kule alikozaliwa, mwezi wa saba ni kiangazi. Halidondoki hata tone.

Saa tisa alikuwa Butembo, kwenye karakana ya Lévi, mzee mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Gitaa la Jacob lilikuwa limening'inia ukutani, shingo mpya.

"Kwa nini haukumupa Mbusa?"

"Hakuitaka. Alikuja samedi, sasa ni siku ine, akakamata sanduku tupu. Akasema: chunga gitare mpaka nitakuambia. Akaokota na kuni zangu nyuma ya nyumba. Nilifikiri ni za kupikia."

"Yeye anasema alikuja lundi, akala sokoni."

Lévi alicheka bila furaha. "Lundi? Lundi hapa ilikuwa ville morte, hapana mutu kutoka ku nyumba. Batu balitangaza dimanche, mangaribi ya mbele yake, juu ya bale baliouawa ku njia. Matairi yaliwaka ku rond-point ya barabara, soko ilifungwa. Hata mufu angekosa sanduku ya kuzikwa. Ni nani alimupikia sombe?"

Jioni Élodie aliweka gitaa juu ya meza ya Mzee Jacob. Uso wa mzee uling'aa. Mbusa aliinamisha kichwa.

"Mbusa, lundi haukufika Butembo. Muji ulifungwa, ndiyo maana viazi havikufika hapa. Na Grady yuko Kinshasa gani, ile yenye mvua ya Bungulu?"



"Grady ni askari," alisema Mbusa. "Rafiki yangu. Anakaa ku camp, hapa hapa. Sanduku nililificha kwake."

"Na ndege?" aliuliza mzee.

"Ndege hakuna, papa. Sikukuu hakuna. Hakuna mutu alikuita. Ulikuwa unakufa. Nilimuomba Grady apige mara moja tu. Kesho yake ukaomba sabuni, ukanyoa ndevu. Ukakula. Ningekuambia nini? Siku zikakaribia. Nikafikiri gitare ikipotea hautasafiri, utachukia mwizi, Kinshasa itabakia mu roho yako."

Kanyere alifunika mdomo kwa kitenge.

"Papa, sheria inakuruhusu kumushitaki," alisema Élodie.

"Kwa nini? Gitare iko hapa."

Mzee Jacob aliinuka, akalitoa koti ukutani, akalikunja vizuri na kuliweka chini ya kitanda. Hakuligusa gitaa.

"Mama inspekta. Ile ya batu kutembea mangaribi bila kukimbia. Ile pia Mbusa alikutuma useme?"

"Hapana, papa. Ile ni kweli."

Mzee alijilaza, akageukia ukuta.

"Afazali ile pia ingekuwa uongo. Singeitamani," alisema.

Kanyere aliingia na sahani ya makemba, akasimama pale akingoja. Kisha akaitoa nje vilevile, haikuguswa.