Sanduku la Yotamu

Haya yalimpata rafiki yangu Sedekia wa Uyole, mwaka hamsini na moja. Mdogo wake, Yotamu, alikuwa mchochea makaa kwenye meli kubwa ya abiria, akafia safarini. Tajiri akifia melini huletwa nchi kavu. Yotamu walimtupa baharini, wakatuma sanduku lake la nguo.

“Tulizike hilohilo,” mama yao alisema. “Mwanangu hawezi kukosa kaburi.”

Sedekia alilifungua, akakuta nguo kavu tu. Wakalizika.

Alfajiri, giza likiwa bado zito, alisikia mkwaruzo kaburini, kwaru, kwaru. Akaenda na taa. Ng’ombe wote walikuwa wamevunja zizi na kulizunguka kaburi, wakiuramba ule udongo kama wanavyoramba chumvi.