Alhamisi za Fermín

"Fermín, mwanangu, ile saa yako ya Alhamisi kwa Daktari Szulman siku hizi naitumia mimi."

Nélida alisema hivyo huku akimpakulia mkwe wake mtarajiwa ravioli, tambi za kujazwa jibini, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Uma wa binti yake Ornella ukakwama hewani.

"Unaitumia vipi, mama? Alhamisi jioni si anakwenda Fermín?"

"Ndivyo nilivyojua. Niliomba kubadilishiwa siku, daktari akanipa hiyo, iwe yangu moja kwa moja. Nikamuuliza, na mkwe wangu je? Akanyamaza. Ila yeye miaka yote hii ni kunyamaza tu."

Fermín akainamia sahani yake.

Hapa Buenos Aires watu hupeana mwanasaikolojia kama kwingine wanavyopeana fundi cherehani. Tangu kaka yake Ulises afariki, Fermín alikuwa anakula, anafanya kazi, analala, basi. Ukitaja harusi yao ya Novemba, anaondoka chumbani. Ornella akamwambia wazi: tafuta mtu wa kuongea naye, la sivyo hakuna harusi. Mama mkwe akamtoa daktari wake mwenyewe. Na kweli, kila Alhamisi Fermín alipiga pasi shati, akatoka, akarudi uso umechangamka kidogo. Ornella alikuwa ameanza kupumua.

Walipofika barabarani, hakungoja.

"Alhamisi huwa unakwenda wapi?"

"Tufike nyumbani kwanza."

"Hapa hapa, Fermín."

Simu ya Fermín ikatoa mlio mkononi mwake. Ornella alikuwa mwepesi kuisoma.

*"Alhamisi hii njoo mapema kidogo. Mirta."*

"Mirta!" Ornella akacheka kicheko kikavu. "Shati linapigwa pasi kwa ajili ya Mirta!"

"Ni mwanasaikolojia."

"Nusu ya wanawake wa mji huu ni wanasaikolojia, usinifanye mjinga!"

Akampokonya simu, akapiga, akaweka spika.

"Haloo. Mimi Ornella. Naomba kujua wewe ni nani kwa Fermín."

"Fermín yupo hapo?" sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza.

"Yupo, kaganda."

"Basi muulize yeye. Mimi siongelei mambo ya mtu yeyote. Jumapili njema."

Simu ikakatwa. Ornella akaitazama, hasira ikimshuka taratibu.

"Kweli ni mwanasaikolojia," alisema. "Hawara angejitetea."

Wakakaa kwenye ngazi za duka la mikate lililokuwa limefungwa. Ornella alitaka kulia, akajizuia.

"Sasa kwa nini ulinificha?"

"Kwa Szulman nilijaribu. Nikilala kwenye lile kochi, nawaza, hapa hapa mama yako hulala akinisema. Yule mzee anajua hadi ninavyoshika uma! Mdomo ukagoma kufunguka. Nikaenda kwa mwingine, akanipa mto niukumbatie, niuite Ulises. Nikamshukuru, nikatoka. Mirta yeye aliniuliza tu Ulises alikuwa anapenda nini. Niliongea mpaka muda ukaisha."

"Ungeniambia, Fermín."

"Mama yako kanitolea daktari wake kama anayenitolea figo. Ningemrudishia vipi?"

Ornella akajikuta anacheka. Kisha akamgeukia, maana swali kubwa lilikuwa bado.

"Na harusi? Huko kwake unasema nini ambacho huwezi kuniambia mimi?"

Fermín akaichukua simu yake mkononi mwa Ornella.

"Kuna jambo hata yeye sijammalizia. Alhamisi iliyopita nilianza, akaniuliza kama wewe unalijua. Nikasema hapana. Akaniambia nifikirie ni nani ningependa alisikie kwanza."

"Niambie."

"Siku aliyokufa, Ulises alinipigia. Mimi na wewe tulikuwa tunaangalia ukumbi wa harusi. Nikaona jina lake, nikaizima simu. Nikasema nitampigia baadaye. Tangu hapo mtu akitaja harusi, naisikia ile simu inalia."

Ornella akamshika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu.

"Na mimi nikajua hunitaki tena."

"Nakutaka, Ornella. Nilishindwa tu kulisema."

"Ule ukumbi tuuache. Tutaandikisha ndoa ofisi ya serikali, tuje tule ravioli kwa mama. Na kiti cha Ulises kiwepo mezani, karibu yako."

Fermín akaitikia kwa kichwa, akalia kama alivyokuwa hajalia hata makaburini. Ornella akamwegemeza begani, wapita njia wakawapisha.

Simu ikaita. *Mama Nélida.* Fermín akalitazama jina, kidole kikaelekea kuizima kwa mazoea. Akasita. Akapokea.

"Naam, mama."

"Mwanangu, mimi si mtoto. Wewe umehamia kwa mtu mwingine."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Sina kinyongo. Ila niambie, huyo wako huwa anaongea?"

"Anaongea, mama."

"Basi nipe namba yake!"

Ornella akaziba mdomo kuzuia kicheko. Fermín akajifuta macho, akamvuta karibu.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Huyu ni wangu. Ila Novemba tunakuja kwako, andaa ravioli za kutosha."