Mbuzi wa Devota Kitabuni

Devota ni mkulima wa pilipili manga huko Amani. Nyuma ya nyumba ana chanja mbili za kuanikia. Ana pia mbuzi mmoja mtundu, aliyekatika sikio la kushoto. Pilipili ikiwa juani, mbuzi hufungwa mbali. Asipofungwa, hupanda chanjani na kuichafua yote.

Devota anajua kuchora. Alichora hatua saba za kuandaa pilipili, tangu kuchuma mpaka kufunga gunia. Katika picha ya tano alimchora mbuzi wake, kafungwa, sikio lake vilevile. Chama chao cha wakulima wa viungo, ambacho hakifanyi biashara ya faida, kilizitumia picha hizo kuwafundishia wanachama. Devota hakudai kitu. Alifurahi tu.

Katika chama hicho watu wamezoea kupeana. Mwenye mche mzuri huwagawia wenzake. Ila mche huitwa kwa jina la aliyeuleta: huu mdalasini wa Asheri, ile iliki ya Bertha. Kwa picha za kwenye karatasi, hakuna aliyewaza hivyo.

Siku moja mnunuzi wa viungo kutoka mjini alimwomba Bryson, katibu wa chama, zile picha. Bryson akamtumia kwa simu bila kumuuliza Devota. Kwake ilikuwa sawa na kumpa mtu mche.

Baada ya miezi mitatu Devota alialikwa kufundisha kijiji cha jirani. Alipobandika picha zake ukutani, wakala wa yule mnunuzi alimtaka azibandue. Akamwonyesha kitabu, akisema picha ni za mnunuzi. Picha zote saba zilikuwamo, na jalada lilikuwa na jina la mnunuzi peke yake. Mbele ya watu thelathini, Devota akabandua kazi ya mikono yake. Aliona aibu na hasira.

Tangu siku hiyo hakwenda mkutanoni. Wenzake walikuwa wakingoja awachoree hatua za kukausha iliki, maana yao ilikuwa ikiota ukungu. Akasema hachori tena.

Bryson alimwendea, akakiri kosa na kumwomba radhi. Kisha wakafuatana mpaka Muheza kwa Najla, msaidizi wa kisheria. Najla alimwamkia Devota, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, namna ya kukausha pilipili ni elimu ya wote," alisema. "Huwezi kumzuia mtu. Lakini picha umezichora wewe. Hizo ni haki yako tangu ulipozichora."

"Hata kama nilikipa chama?"

"Ulikipa chama kifundishie. Hukukipa ruhusa ya kuzigawa nje. Tatizo hamkuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari."

Devota akatoa daftari lake la zamani, lenye michoro ya kwanza na tarehe. Najla akaliweka kando ya kitabu, akatazama picha ya tano. Akauliza mbuzi ni wa nani.

"Wangu. Sikio lilikatwa na waya wa uzio."

"Basi mnunuzi atueleze yeye alimwona wapi."

Najla aliandika barua. Mwanzoni mnunuzi alijibu kuwa picha ni zake, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia uchapaji. Akaulizwa habari za mbuzi. Akakubali kuvikusanya vitabu na kuvichapa upya kwa jina la Devota na kwa idhini yake. Najla akamsaidia Devota kusajili picha zake, ili siku nyingine asihangaike kutafuta ushahidi.

Chama nacho kilikutana kurekebisha katiba. Walitaka kazi ya mwanachama ibaki yake, chama kiitumie kwa ruhusa ya maandishi, na mtu wa nje aombe kwanza. Kazi waliyoifanya wote pamoja iwe ya chama. Asheri alinung'unika kwamba sasa watapeana vitu kwa karatasi, kama watu wasioaminiana.

"Ule mdalasini wako tunauitaje, Asheri?" aliuliza Bertha.

Watu walipopiga kura, Asheri naye alinyoosha mkono.

Devota akachora iliki. Bryson aliandika ruhusa, wakaitia saini wote wawili, kisha ndipo picha zikatoka. Msimu huo iliki ya chama ilikauka vizuri, ikabaki kijani.

Kile kijiji cha jirani kilimwalika tena. Wakala alikuwapo, amekaa nyuma. Devota akabandika picha zake ukutani, moja baada ya nyingine, kila moja na jina lake chini. Zilikaa hapo mpaka somo likaisha.