Halima Aacha Kiti

Halima ni fundi cherehani mjini Makindu. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya malori. Hushona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, huketi tangu asubuhi hadi jioni, mgongo umepinda, macho kwenye sindano. Chai hupoa pembeni bila kunywewa. Ng'ambo ya barabara, mumewe Jamal huziba pancha za malori.

Mwaka jana mgongo wa Halima uligoma. Kwanza uliuma jioni tu. Baadaye ukauma hata asubuhi. Mwishowe hakuweza kuinama hadi chini. Akiangusha uzi, alimwita binti yake Naila auokote.

Uzi haukumsumbua sana. Kilichomuumiza ni sala. Halima alizoea kusujudu, paji la uso likigusa mkeka. Sasa alisali akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Sheikh alimwambia mgonjwa ameruhusiwa, sala yake ni kamili. Halima alikubali, lakini moyo haukutulia. Siku ya Idd, uwanja mzima uliposujudu, yeye alibaki juu peke yake kama nguzo ya stima. Alilia kimya kimya. Jamal, ambaye ndiye aliyebeba kiti, aliona macho yake mekundu.

Halima alikwenda zahanati. Tabibu alimpima na kumwambia mifupa yake ni mizima. Misuli ndiyo ilikuwa imekakamaa kwa kukaa sana. Alimpa dawa za siku chache na kumshauri afanye mazoezi ya kunyoosha mwili. Halima alimeza dawa. Mazoezi aliyasahau, kama wengi wetu tunavyofanya.

Siku moja mteja wake Mwongeli alikuja kuchukua sketi yake. Mwongeli alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kustaafu, na huimba kwaya kanisani. Alimwona Halima akiinuka kitini kwa kushikilia meza. Akamwambia kwamba yeye hufundisha akina mama yoga, kila Jumamosi, katika ukumbi wa chama chao.

"Yoga si ni dini ya Wahindi?" Halima aliuliza.

"Hata mimi niliuliza hivyo," Mwongeli alisema. "Nikaenda kwa pasta kabla sijaanza. Hii kitu ilianza India, zamani sana. Kuna watu wanaifanya pamoja na ibada yao, na tunawaheshimu. Sisi hapa tunafanya mikao ya mwili na kupumua, basi. Enda uulize sheikh wako, halafu uamue mwenyewe."

Halima aliuliza. Sheikh alimwambia kwamba kunyoosha mwili si kosa, mradi asichanganye na ibada nyingine. Jamal naye alisema hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Halima alimwacha na pancha zake.

Jumamosi alivaa dera, na suruali ndani, akaenda. Alikuta wanawake tisa, miguu peku, kila mmoja kwenye mkeka wake. Walianza kwa kukaa na kuvuta pumzi kwa pua, kisha kuitoa polepole. Wakapiga magoti na mikono chini, wakapandisha mgongo na kuushusha, kama paka anayeamka.

Kisha Mwongeli akawaonyesha mkao unaoitwa mkao wa mtoto. Unapiga magoti, unakalia visigino, halafu unainama mbele hadi paji la uso liguse chini. Halima alipouona, moyo ulimpiga. Ilikuwa karibu sana na sijida. Alijaribu, lakini kichwa chake kilibaki hewani.

Mwongeli alikunja leso saba za kujifunga, akazipanga mbele yake. Paji la uso likatua juu ya leso.

"Leo chini yako ni hapa," Mwongeli alisema. "Mgongo ukikubali, tutatoa leso moja. Tutatoa moja, si mbili."

Mwisho walilala chali na kupumzika. Halima alikaribia kusinzia. Hakukumbuka ni lini alikuwa amelala mchana bila kufikiria vifungo vya mashati.

Ili wasikae wiki nzima bila mazoezi, Mwongeli aliwatumia masomo manane ya video kwa simu. Kila mtu angejifunza nyumbani, kwa mwendo wake mwenyewe. Na hapo ndipo fundi wetu alipoharibu.

Halima amezoea oda. Akipewa mashati manane, hulala yakiwa yamekwisha. Basi Jumatatu asubuhi alifungua simu na kuyamaliza masomo yote manane, tena baada ya kula chapati tatu. Kwenye mkao wa mtoto alitupa leso zote saba pembeni na kujisukuma kwa nguvu. Mgongo ukashika. Naila alimkuta chini, hawezi kuinuka.

Siku tatu hakushona. Jamal alimkanda mgongo na kusema, "Si nilikuambia?" Halima alikata tamaa kabisa. Alijiona atakalia kiti kile mpaka aingie kaburini.

Mwongeli alikuja kumjulia hali. Kwanza aliuliza kama miguu ilikuwa na ganzi, au maumivu yalishuka hadi mguuni. Halima alisema hapana. "Ingekuwa hivyo tungeenda hospitali sasa hivi," Mwongeli alisema. Kisha akauliza amefanya nini.

"Nilimaliza masomo yote," Halima alisema.

Mwongeli alicheka hadi akajishika mbavu. Alipotulia alisema, "Mama Naila, wewe ni fundi. Nguo ikibana, unaivuta kwa nguvu?"

"Itapasuka. Nafungua mshono polepole."

"Basi na mgongo ni hivyo."

Alimweleza upya. Somo moja ni la wiki mbili, tena dakika kumi na tano tu kwa siku. Afanye kabla ya kula, au saa tatu baada ya chakula. Akisikia mwili unavutika, sawa. Akisikia maumivu makali, aache. Na kipimo ni pumzi. Ukiona unaibana pumzi, umepita mpaka wako, rudi nyuma. Hata kushona alimrekebishia. Kila nusu saa ainuke, atembee kidogo, arudi.

Maumivu yalipokwisha, Halima alianza tena na somo la kwanza na leso saba. Safari hii hakuwa na haraka. Alfajiri, baada ya sala, alitandika mkeka. Jumamosi alikwenda ukumbini, na Mwongeli alisahihisha magoti na mabega yake, kwa sababu simu haiwezi kukuona ukikosea. Baada ya wiki tatu leso moja ilitolewa. Kisha ya pili. Mwezi wa Ramadhani alifanya jioni kabla ya futari, taratibu. Siku moja aliangusha uzi, akauokota mwenyewe. Naila alipiga makofi.

Siku ya Idd ilifika. Leso ilikuwa imebaki moja.

Jamal alibeba kiti hadi uwanjani, kama mwaka uliopita. Halima alikiweka nyuma yake na kuweka mkoba juu. Akatandika leso ile moja mchangani. Uwanja mzima ulipoinama, naye aliinama. Alipiga magoti, akatanguliza mikono, akavuta pumzi. Paji la uso likagusa chini. Halima alilia tena, lakini safari hii kwa furaha, na hakujificha.

Baada ya sala Jamal alimkuta amesimama wima, mchanga kwenye magoti. Kisha akainama kuchukua kiti, akaguna, akashika kiuno.

"Kalia tu, Baba Naila," Halima alisema. "Mimi sikihitaji."

Jamal alikaa. Aliona aibu kidogo, lakini aliuliza. "Huyo mwalimu, ako na siku ya wanaume?"

"Alhamisi," Halima alisema. "Uende na leso saba."